Kiuno cha Suruali ya Guka

Githinji ni mlinzi wa lango la nyuma la hoteli moja mjini Doha, na anayetaka kumwelewa inabidi aanzie hapo langoni. Lango la mbele ni la wageni na masanduku yao ya magurudumu. Lango la nyuma ni la chakula. Hapo ndipo hupita samaki, nyanya, mikate na mbuzi waliokwisha kuchunwa, na hapo ndipo wapishi hutoka kupunga hewa. Mpishi Mhindi akitoka humletea biriani. Mfilipino humletea keki iliyoungua ukingoni. Mmisri humletea machbusi, ule wali wa nyama wa Kighuba, kwenye sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, kisha husimama pale kuhakikisha imeliwa. Githinji hana tabia ya kukataa chakula cha watu. Alilelewa vizuri.

Ndiyo maana mtu aliyetoka Limuru akiwa mwembamba, sare yake ya kwanza ikishikiliwa kwa pini, sasa anavaa ile kubwa ya mwisho stoo. Hata mkewe Mumbua, aliyebaki nyumbani na watoto, alimtazama siku moja kwenye simu ya video akamuuliza kwa upole: Baba Trevor, simu yangu ndiyo imekuwa ndogo, au ni wewe umekuwa mkubwa? Githinji alimjibu kwamba ni mtandao.

Lakini haya ya unene yangebaki kuwa utani wa nyumbani tu, kama si ile suruali.

Suruali yenyewe ni ya mchezo wa gofu, ya zile zilizovaliwa na wanaume wa Kizungu karibu miaka mia moja iliyopita. Hebu fikiria suruali ya sufu nzito, rangi ya majivu yenye mirabamiraba, pana mapajani kama magunia mawili ya viazi, halafu inakatika ghafla chini ya goti na kufungwa kwa bizimu ndogo ya chuma. Chini ya hapo ni soksi na miguu. Mtu anayeiona mara ya kwanza hudhani fundi aliishiwa na kitambaa. Yaani ulikuwa na kitambaa chote hicho cha mapaja, ndugu yangu, ukakosa cha miguu?

Guka, yaani babu yake Githinji, naye akiitwa Githinji, alikuwa kijana wa kubeba mfuko wa fimbo za gofu za mlowezi mmoja kule Limuru. Mlowezi ndiye aliyempa suruali hiyo. Kwa nini alimpa, hapo kila mtu ana lake. Wengine husema ilikuwa shukrani, kwa sababu Guka alikuwa na macho ya mwewe na hakuna mpira uliompotea. Wengine husema walishindana, Guka akashinda. Kwa vyovyote vile, Guka aliivaa siku ya harusi yake, na siku ya kubatizwa kila mtoto, na alipozeeka akaacha amri: suruali ikae na mwanamume mwenye jina lake, mradi aweze kuifunga kiunoni bila mkanda na bila kushika pumzi. Siku akishindwa, impite, iende kwa mwingine.

Amri hiyo ingekuwa rahisi katika ukoo mwingine. Lakini kwa Wakikuyu, kila mtoto wa kiume wa Guka alimpa mwanawe wa kwanza jina la baba yake. Guka alikuwa na wana wengi. Ukisimama Limuru siku ya sherehe ukaita "Githinji", wanageuka wanaume watano na mvulana mmoja. Ndiyo sababu baba yake Githinji wetu, ambaye jina lake ni Mwangi, aliitunza suruali kwa niaba ya mwanawe miaka mingi, akiivaa kila Krismasi kuonyesha kwamba bado inafunga, kifua mbele kama jogoo. Alipokwenda kumkabidhi, alimwambia maneno machache tu: asije akawa Githinji wa kwanza kunyang'anywa.

Akaja nayo Doha. Huishi nayo Al Mansoura, katika chumba anacholala pamoja na Reuben, dereva kutoka Vihiga, mtu mrefu mwenye methali nyingi kuliko mashati. Siku za mapumziko Githinji huitoa suruali kwenye mfuko wa plastiki, huipiga brashi, huianika kwenye kamba ya juu ya paa ili harufu ya dawa ya nondo itoke. Wapangaji wa Nepali hupanda kuipiga picha. Reuben kazi yake ni kuuliza: leo imekunywa maji kiasi gani, mbona imevimba? Githinji hajali. Langoni anaitwa "rafiki", au "Kenya", au "security". Akiwa na ile suruali mkononi ni Githinji wa Mwangi wa Githinji, na hilo halihitaji beji kifuani.

Basi mwaka huu, kabla joto halijashika sawasawa, Bradley akaja.

Bradley ni binamu yake, mwana wa baba mdogo, kijana wa kompyuta aliyepata kazi katika ofisi moja na kupanga Al Wakrah karibu na bahari. Jina lake kamili ni Bradley Githinji. Ni mwembamba kama ufagio, anakunywa maji ya ndimu asubuhi, na ana saa ya mkononi inayomwambia kama amelala vizuri. Ijumaa yake ya kwanza, maana huko Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko, walikutana kanisani, kule Abu Hamour, wakakumbatiana, wakaulizana habari za nyumbani. Ndipo Bradley akatazama tumbo la binamu yake, akalitazama tena, akatabasamu.

Aliuliza, taratibu kabisa, kama ile suruali bado inafunga.

Githinji alisema inafunga. Alilisema haraka mno.

Haikupita wiki, simu ikaja kutoka kwa Shangazi Edith. Shangazi Edith ndiye binti pekee wa Guka aliyebaki, na ndiye hakimu wa ukoo kwa mambo yote, kuanzia mashamba hadi nani amkatie nani keki. Na kwa kuwa Githinji ana jina la baba yake, Shangazi humwita Baba. Anaweza kumgombeza robo saa nzima, lakini kila sentensi inaanza kwa Baba. Alimwambia kwamba amesikia Doha sasa ina Githinji wawili, na kwamba yeye hataki maneno. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, baada ya kanisa, wote wawili waijaribu suruali mbele yake kwenye simu ya video.

"Baba, wewe ndiye mkubwa," alisema, "lakini suruali haiangalii umri. Inaangalia kiuno."

Githinji alifunga mlango akaijaribu. Kifungo na tundu lake vilitazamana kwa mbali kama majirani waliokosana. Alivuta pumzi, akasimama kwa vidole vya miguu, akalala kitandani, akajaribu hivyo alivyolala. Wapi. Alipoinua kichwa alimwona Reuben mlangoni, ameshika kikombe cha chai ya karak, anakunywa polepole kama mtu aliye kwenye sinema.

Reuben hakucheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alimwambia tu kwamba anayekimbilia kiuno cha ujana inabidi kwanza amwage wali.

Hapo Githinji akaona mambo yote yaliyo mbele yake. Aliona harusi za Limuru kwa miaka thelathini ijayo, mshereheshaji akisimulia jinsi suruali ya Guka ilivyopita njaa na vita na hali ya hatari, ikaja kushindwa na biriani ya Doha. Aliona baba yake amekaa kwenye kiti cha mbele, anatazama viatu vyake. Kwa kweli kilichomtisha ni hicho cha mwisho.

Akaanza kujinyima. Mhindi alipoleta biriani, Githinji alisema ameshiba, na Mhindi akaenda akidhani amemkosea. Mmisri hakukubali kabisa. Alisimama na sahani zake mbili, akauliza kama mama yake Githinji ni mgonjwa, kama kuna msiba, na mwishowe Githinji akala ili kumtuliza. Mazoezi nayo aliyafanya ndani ya jengo la maduka, kwa sababu nje jua lilikuwa limeanza kuchoma. Alizunguka ghorofa ya chini kwa mwendo wa haraka, mikono ikipiga hewa, mpaka mlinzi mwenzake wa pale akamfuata kumuuliza anamfukuza nani.

Ijumaa ilipobaki siku chache, kifungo na tundu vilikuwa vimesogeleana kidogo, lakini bado havijaamkiana. Ndipo Githinji akafanya lile ambalo hakuwahi kudhani angelifanya. Aliikunja suruali ndani ya mfuko wa supamaketi, akachukua na suruali yake ya zamani ya sare, ya bluu, akateremka kwa fundi.

Fundi Shafiqul ni Mbangladeshi. Duka lake lina upana wa cherehani na nusu, na lugha yake na Githinji ni Kiarabu cha barabarani ambacho hakuna Mwarabu angekidai. Githinji alimwonyesha kiuno, akamwonyesha tumbo, akamwonyesha ile ya bluu. Ongeza hapa, kata huku, mtu asijue. Shafiqul alisema *mafi mushkil*, hakuna shida, akaigeuza suruali.

Sasa, nyuma ya kiuno cha suruali ile kuna kipande kipana cha kitambaa kilichoshonwa juu ya mshono, kama kifuniko. Ukoo mzima unakijua. Ukoo mzima huamini ndivyo Wazungu wa zamani walivyokuwa wakishona, labda kwa ajili ya baridi ya Limuru. Githinji mwenyewe aliwahi kumweleza Reuben hivyo, kwa kirefu. Shafiqul alikifumua kwa ncha ya wembe, akakiinua. Kisha akamwita kwa kidole.

"*Shuf*," alisema. Tazama.

Chini ya kifuniko, mshono wa nyuma ulikuwa umepasuliwa na kujazwa. Kulikuwa na kipande chembamba cha pembetatu, cha sufu ileile ya majivu, kimeshonwa kwa uzi uliozeeka kuliko wote. Kando yake kulikuwa na kipande cha kaki. Kando ya kaki, kipande cha rangi ya kahawia. Shafiqul alivipitia kwa kidole kimoja baada ya kingine, akitazama tumbo la Githinji kila mara, kama daktari anayesoma historia ya ugonjwa wa familia.

Githinji aliishika suruali, akaisogeza kwenye taa. Ile sufu ya majivu ilikuwa ya kitambaa chenyewe, kwa hiyo aliyeiongeza ni mwenye suruali, mlowezi. Kumbe ndiyo sababu alimpa Guka: alinenepa. Kaki ingekuwa ya Guka mwenyewe. Na ile ya kahawia aliijua vizuri. Ilikuwa suruali ya baba yake ya kwendea ushirika wa majani ya chai, ile iliyopotea yeye akiwa mtoto, na mama akasema imeibwa kwenye kamba.

Baba yake. Yule wa kifua mbele. Yule wa usiwe wa kwanza.

Alikaa juu ya kigoda cha fundi akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Shafiqul, ambaye hakuelewa kitu, akacheka kumsindikiza. Kisha Githinji akampa ile ya bluu, akamwambia aendelee na kazi. Yeye ni nani hata avunje mila?

Ijumaa ikafika. Chumba cha Al Mansoura kilipigwa deki, kiyoyozi kikawekwa baridi ya mwisho kwa heshima ya sufu, na Reuben akapika chai ya maziwa na chapati. Bradley alikuja kutoka Al Wakrah kwa metro akiwa na stendi ndogo ya kusimamishia simu. Alisema, tena kwa uaminifu, kwamba yeye hana haja ya kuivaa. Akipata suruali ataitia kwenye fremu ya kioo, aitundike sebuleni. Githinji akaiwazia. Suruali ya Guka, nyuma ya kioo, kama popo wa makumbusho.

Shangazi Edith alitokea kwenye simu akiwa amevaa kofia ya sufu, jikoni kwake Limuru. Aliomba kwa kirefu, akawaombea na wenyeji wa Qatar, kisha akasema Bradley aanze.

Bradley alivaa juu ya kaptura yake ya mazoezi. Vifungo vyote vilifunga bila kelele. Akasimama wima, akatamka kama inavyotakiwa, ili ijulikane hajashika pumzi: Githinji wa Kamau wa Githinji. Kisha akaachia mikono. Suruali ikafikiri kidogo, ikateremka. Iliteremka kiunoni, ikateremka mapajani, ikafika magotini ambako zile bizimu ziliikamata, ikabaki imejikusanya pale kama mwavuli uliogeuzwa na upepo, na Bradley katikati yake.

Shangazi alicheka, akafuta macho kwa ncha ya khanga. Bradley hakufurahi.

"Shangazi, hii suruali imeongezwa kiuno. Guka alikuwa mwembamba, picha ninazo."

"Picha ni za ujana, Baba," alisema Shangazi. "Mwingine aje."

Githinji akavaa. Alifunga kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu, vikaingia kama watoto wanaoitwa kula. Akasimama katikati ya chumba, kifua mbele, akaliachia tumbo lote lilivyo. Githinji wa Mwangi wa Githinji, alitamka, na kwa kuwa pumzi ilikuwa imebaki, akaongeza na jina la kijiji. Hata Bradley, mdomo ukiwa umevuta upande, alikubali kwa kichwa. Kazi ilikuwa imekwisha. Alikuwa ameshinda.

"Vizuri," alisema Shangazi Edith. "Basi keti, Baba, unywe chai. Baba yangu alikuwa akiivaa anakaa nayo."

Hakuna aliyefikiria habari ya kukaa. Githinji alikishika kiti, akajishusha kwa uangalifu wa mtu anayeingia kwenye maji baridi. Kipande cha bluu kilishika. Uzi wa Shafiqul ulikuwa imara. Lakini sufu ya miaka mia, iliyokuwa imevumilia vipande vyote vya awali, iliona sasa imetosha. Ilipasuka pembeni mwa kile cha bluu, taratibu na kwa sauti ndefu, kuanzia kiunoni hadi mahali pa kukalia.

Reuben aliweka chini birika.

"Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako," alisema. "Kumbe na ya kurithi ni hivyo hivyo."

Githinji alitaka kubaki amekaa hapo mpaka simu iishiwe chaji. Lakini Shangazi alimwamuru asimame na ageuke, na Bradley, kwa bidii ya ajabu, akaisogeza simu karibu. Kile kifuniko kilikuwa kimeng'oka. Vipande vyote vilikuwa nje, majivu, kaki, kahawia na bluu mpya inayong'aa kama Ijumaa yenyewe. Bradley alivuta pumzi ya mtu aliyeshinda kesi. Githinji aliutazama ukuta. Alisubiri kusikia jina la baba yake likitajwa pamoja na lake.

Shangazi aliinamia simu yake. Kisha akaomba simu isogezwe zaidi.

"Hiyo kaki," alisema polepole, "ni kaptura ya baba ya kazini. Mimi ndiye niliyemshikia mama taa akishona. Aliniambia nikisema kwa mtu, meno yataacha kuota."

Macho yake yakahamia kipande kilichofuata.

"Na hiyo ya kahawia siijui. Hiyo ya nani?"

Githinji alijibu ukuta kwamba ni ya baba yake.

"Ya Mwangi?" Shangazi aliiweka simu mezani, wakaona dari ya jikoni tu, na wakasikia kicheko kinachoanza chini kabisa na kupanda kama maji ya kisima. Alipoirudisha, kofia ilikuwa imeenda upande. Alisema miaka yote hiyo ya Krismasi alikuwa akimwonea kaka yake wivu, kwa jinsi alivyobaki na mwili wa kijana. Kesho asubuhi angempelekea uji, amtazame usoni anapokunywa.

Bradley alikumbusha, kwa sauti ya ofisini, kwamba amri ni amri. Binamu yake hakuweza kuifunga bila msaada, kwa hiyo suruali ni yake.

Shangazi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, baba zake wawili, mmoja mnene na mmoja mwembamba.

"Bradley, Baba, wewe imekuvuka. Wewe, Baba, umenirarulia suruali ya baba. Nani hapa ameshinda?" Hakungoja jibu. "Anayerarua ndiye anayeshona. Itakaa kwa aliyeirarua mpaka iwe nzima. Ikiwa nzima, mtaijaribu tena wote, na safari hii vipande nitavichagua mimi."

Bradley aliuliza itachukua muda gani kuwa nzima. Shangazi alisema hilo ni la fundi, akaaga, akakata simu. Kesi imekwisha. Wakala chapati. Bradley alikula mbili, ya pili akaikunja na kuichovya, na Reuben akamsogezea ya tatu bila neno.

Sasa kila Ijumaa wakikutana Abu Hamour, Bradley humvuta Githinji kando ya umati na kumuuliza fundi anasemaje. Githinji hushusha pumzi ndefu, hutikisa kichwa kwa masikitiko, humwambia fundi ana kazi nyingi sana wakati huu. Kisha huuliza kama kuna mtu aliyeleta sambusa.